Kurasa Kumi na Mbili za Mwisho

Kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa maktaba, chini ya maneno VIJANA WALIOJITOLEA, jina la Sidi Mangi lilikuwa la kwanza. Ukilisoma utadhani msichana ana moyo wa kutoa. Moyo anao, lakini hakujitolea. Alitolewa, na aliyemponza alikuwa mbuzi.

Sidi ana miaka kumi na saba. Alikuwa amemaliza kidato cha nne mwezi mmoja nyuma, na kwao, nje kidogo ya Kinango, kazi ya msichana anayesubiri matokeo ni kuteka maji. Matokeo angalau yana tarehe ya kutoka. Kila Jumamosi, akishatua ndoo, alikwenda kwenye maktaba ndogo ya jamii nyuma ya soko la mifugo, akakaa mkekani na watoto kumi na wanne akawasomea hadithi. Hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa, na kwa sababu hiyo hakuna aliyempigia makofi.

Kitabu walichokuwa wakikisoma kiliitwa Mtamba wa Bi Jumwa. Mjane anaibiwa mtamba wake, ng'ombe jike ambaye hata hajazaa, siku ya mnada, mchana kweupe. Kila mtu kijijini ana sababu ya kuwa mwizi: shemeji mtu, dalali wa ng'ombe, hata yule jirani anayesali kuliko mahitaji. Nakala ilikuwa moja tu mjini. Sidi alisoma sura moja kila Jumamosi, na kwa makusudi hakutangulia mbele, kwani alitaka kushangaa pamoja na watoto. Walipobakiwa na sura ya mwisho akakiazima kitabu, akakipeleka nyumbani ili ajizoeze sauti ya Bi Jumwa. Akakiweka juu ya kinu, akaenda kuteka maji. Aliporudi, mbuzi wa mama yake alikuwa ameshamaliza kitabu kabla yake. Kurasa kumi na mbili za mwisho zilikuwa tumboni, jalada lilikuwa chini. Katika Kinango nzima aliyejua mwizi ni nani alikuwa mbuzi yule, naye alikuwa akicheua.

Msichana alijaribu kujiokoa kwa kutunga mwisho wake. Alisema mwizi ni dalali, akamfunga jela, akamrudisha mtamba akiwa na ndama. Watoto walimtazama.

"Hilo umelitunga wewe, dada Sidi," alisema Mwinga, mvulana wa miaka tisa ambaye akikua atakuwa hakimu au atakuwa kero. "Bi Jumwa hasemi hivyo."

Ikabidi aungame, kwa watoto na kwa mkutubi. Mkutubi, Bi Fauzia, ni mzaliwa wa Msambweni, na watu wa kwao hawakugombezi. Watakusema polepole mpaka utamani wangekupiga.

"Sidi mwanangu," alisema, "kitabu ni amana. Amana mtu hamwekei mbuzi."

"Nisamehe, Bi Fauzia."

"Mimi nimekusamehe zamani. Wale watoto je?"

Kisha akamwambia habari. Mwandishi mwenyewe, Bi Dianah Kitheka, aliyelelewa kwenye mashamba ya walowezi wa Kikamba kule Shimba Hills na ambaye sasa anaishi Nairobi, alikuwa amekubali kuja Jumamosi ya pili ya Disemba. Angesoma sura ile ile ya mwisho, kwa kinywa chake. Maktaba ilihitaji vijana wa kujitolea. Bi Fauzia akamtazama Sidi, na Sidi akajitolea.

Mwinga alipoambiwa hakuamini. Yeye alijua waandishi wote wamekufa, ndiyo maana wanasomwa shuleni.

"Huyu yuko hai," alisema Sidi. "Atakuja hapa, na atakusomea mwenyewe ni nani aliyeiba. Nakuahidi."

Ahadi ni deni, na hili alilibeba mtoto wa watu kwa wiki tatu pamoja na ndoo.

Kazi aliyopewa ilikuwa ya saa. Bi Fauzia alikuwa amehudhuria semina Mombasa, na huko akaonyeshwa kwamba wenye nchi zao, huko ng'ambo, hawamkatizi msemaji kwa mdomo. Humwonyesha kadi. Akazitengeneza mbili kwa mkono wake: ya njano imeandikwa DAKIKA MBILI, ya nyekundu imeandikwa MUDA UMEKWISHA. Sidi angekaa safu ya mbele, aangalie saa ya ukutani, na kila msemaji akikaribia kikomo amwinulie. Semina ilikuwa nzuri, ila aliyeitunga hakuwahi kuishi Kinango. Hapa mtoto hampiti mzee njiani bila shikamoo, na akipewa jambo huinama kulipokea. Leo mtoto huyo huyo anaambiwa awainulie wazee bango la kuwanyamazisha.

"Heshima si utumwa," alisema Bi Fauzia, akimsukumia kadi. "Inua tu."

Ratiba ilisema shughuli ianze saa tatu, na saa nne mpaka saa tano mwandishi asome. Saa nzima! Mwandishi alifika saa tatu kasoro dakika kumi, mama mfupi mwenye mkoba wa turubai, akiwa na nakala tano za kitabu chake na tikiti ya treni ya alasiri, iliyomtaka awe ameondoka Kinango saa sita na nusu. Sidi alimkimbilia ampokee. Kabla hajasema neno, kamati ilimzunguka mgeni, ikamtia ofisini, ikampa soda, ikafunga mlango. Mgeni wa heshima haachwi azungumze na watu ovyo.

Wakasubiri. Mwakilishi wa wadi, Mheshimiwa Sanga, alikuwa njiani. Saa nne alikuwa amekaribia. Saa nne na robo alikuwa pale pale alipokuwa amekaribia. Saa nne na nusu ikaamuliwa waanze bila yeye, lakini waanze polepole.

Watoto kumi na wanne walikuwa wamefika tangu saa mbili, nyuso zimepakwa mafuta zinang'aa, wakakaa viti vya mbele. Wakaondolewa, kwa kuwa viti vile vilikuwa vya wageni. Wakakaa vya katikati, wakaondolewa, kwa kuwa vilikuwa vya wageni wa wageni. Mwishowe wakajikuta kwenye mkeka nje ya dirisha. Mwinga ndiye peke yake aliyeweza kuona ndani, kwa kusimama juu ya ndoo.

Mshereheshaji alikuwa Salimu, kijana wa Ukunda anayeendesha harusi, matanga na minada kwa sauti moja. Aliita dua. Ustadhi akaomba vizuri kwa dakika nane. Mchungaji, asije akaonekana dini yake ina haja ndogo, akaomba kwa dakika kumi na mbili. Sidi alikuwa na kadi mkononi, lakini ni nani atakayemwonyesha Mwenyezi Mungu kadi ya njano? Kisha Salimu akatambulisha meza kuu, mtu mmoja mmoja, cheo kwa cheo, na kila aliyetajwa akasimama, akapunga, akapigiwa makofi. Mwandishi hakutajwa. Haikuwa dharau. Orodha ilipangwa kwa vyeo, na wa kuandika hakuna aliyejua ni cheo cha ngapi.

Akasimama chifu mstaafu, Mzee Menza, atoe salamu. Alipewa dakika tano. Kwetu salamu ni neno dogo lenye familia kubwa. Alianza na mvua iliyokosekana, akapita kwenye bei ya ng'ombe, akaingia enzi za ukoloni. Dakika ya kumi Sidi alijikaza, akainua kadi ya njano huku kichwa amekiinamisha, kama mtu anayetoa zawadi. Mzee alivaa miwani akaisoma kwenye kipaza sauti.

"Dakika mbili. Ahsante mjukuu wangu. Mnamwona huyu? Huyu ni binti wa Mangi. Mangi mnayemjua, aliyezaliwa mwaka wa ukame ule mkubwa, siku ambayo mimi mwenyewe..."

Kuzaliwa kwa baba yake Sidi kulichukua dakika sita. Ya nyekundu ikaongeza harusi ya wazazi wake. Sidi aliona aibu mpaka masikio yakamchemka, na juu ya aibu alikuwa na hasira, kwa sababu kila dakika aliyokuwa akiimeza mzee ilikuwa inatoka kwenye kurasa zile kumi na mbili. Alitazama saa. Ilikuwa saa tano na nusu.

Ndipo mheshimiwa akafika. Honi zikalia, vijana wake wakaingia kwanza, viti vikavutwa, na Salimu, kwa furaha ya mtu aliyepewa kazi upya, akatangaza kwamba kwa kuwa mheshimiwa hakuwapo wakati wa utambulisho, utambulisho utarudiwa. Ukarudiwa wote. Dirishani kichwa cha Mwinga kilizama, kikaibuka, kikazama tena.

Mheshimiwa Sanga alishika kipaza sauti akasema hana mengi. Mwenye mengi husema hivyo. Alisema kitabu hiki ni hazina ya wadi yetu. Alisema amekisoma, na amekisoma tena, na kimemgusa. Alisema kama kitabu hiki kinavyofundisha, umoja ni nguvu. Kisha akaacha kitabu akazungumzia barabara, akazungumzia visima vitatu vilivyochimbwa ambavyo wapinzani wanadai havina maji. Sidi alisimama kabisa, mikono yote miwili juu, kadi ya njano huku na nyekundu huku. Mheshimiwa alimwona, akatabasamu kwa upana.

"Hata vijana wetu wamekuja na mabango," alisema, akampungia mkono. Watu wake wakashangilia. Sidi akakaa chini.

Alipomaliza ilikuwa saa sita na robo. Zikaja zawadi. Zile nakala tano ambazo mwandishi alizibeba kutoka Nairobi zikagawiwa kwa itifaki: mheshimiwa moja, chifu mstaafu moja, ustadhi moja, mchungaji moja, na ya tano ikamwangukia Salimu, kwa kuwa alikuwa karibu na kipaza sauti. Maktaba haikupewa. Kwenye daftari maktaba ilikuwa tayari na nakala yake. Bi Fauzia alifungua mdomo, akaona kamera ya simu imemwelekea, akatabasamu. Joto lilikuwa kali, na meza kuu nzima ikaanza kujipepea kwa fasihi.

Saa sita na dakika ishirini Salimu akamkumbuka mwandishi. Sidi alihesabu upesi: dakika kumi. Kurasa kumi na mbili kwa dakika kumi haziishi, lakini jina la mwizi litapatikana. Nje ya dirisha watoto waliacha kusukumana. Bi Dianah Kitheka alisimama na kitabu chake mwenyewe, kidole kimeshaingia kwenye sura ya mwisho. Sidi alikiona kidole hicho kwa macho yake.

"Ningependa kwanza," alisema mwandishi, "kuzingatia itifaki."

Mama wa watu alilelewa vizuri. Ameishi Nairobi miaka ishirini na Nairobi haikumharibu, na siku hiyo ingekuwa heri ingemharibu kidogo. Alimshukuru mheshimiwa. Alimshukuru Mzee Menza kwa historia. Aliwashukuru viongozi wa dini kila mmoja kwa dua yake. Akaikumbuka kamati, akamkumbuka aliyeleta viti. Dakika nane zikaenda, na kidole bado kiko ndani ya kitabu. Sidi hakuweza tena. Akainua kadi ya njano, si ya kumnyamazisha, jamani, ya kumwambia: soma mama, soma sasa!

Bi Dianah aliiona. Akasita, akatazama saa, akatoa kidole kitabuni.

"Naona nimeonyeshwa kadi," alisema kwa unyenyekevu. "Nami ni mtu wa kuheshimu muda wa watu. Ahsanteni sana, nunueni vitabu, msomeshe watoto."

Akakaa. Katika wasemaji wote wa siku ile, ndiye peke yake aliyeitii kadi. Ukumbi ulilipuka kwa makofi kuliko ulivyompigia mtu yeyote. "Huyo ndiye mwandishi!" alisema mheshimiwa. "Maneno machache!" Salimu akamsifu Sidi kwa kusimamia saa bila upendeleo, akaomba apigiwe makofi ya kilo, na akapigiwa.

Sidi aliyapokea akiwa amesimama, na alitamani ardhi ipasuke. Mwandishi alikuwa akipelekwa kwenye gari mbiombio. Msichana alipenya katikati ya watu, akafika dirishani mwa gari akihema.

"Shikamoo, Bi Dianah. Samahani, ule mwisho, nilitaka..."

"Marahaba mwanangu, usijali." Mwandishi alishaichukua ile kadi ya njano mkononi mwa msichana, akatoa kalamu, akaandika juu yake: Kwa binti mpendwa, soma kwa bidii. Akatia saini. Gari likaondoka, vumbi likamfunika Sidi hadi kwenye nyusi.

Watoto walikuwa wamesimama nyuma yake kwa mstari. Hakuna aliyelia, na ndilo lililomuuma zaidi. Mwinga aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sasa hatutajua?"

Hapo Sidi akaitwa. Chakula kilikuwa tayari, na waliojitolea ndio wanaonawisha wageni. Sidi alichukua birika la maji na beseni, taulo begani, akaingia chini ya turubai walikohamia watu wa meza kuu. Pilau ilinukia mpaka sokoni. Desturi ni kuanza na mkubwa, basi akaanza na mheshimiwa, akapiga magoti kidogo akamwekea beseni.

Mheshimiwa alinyoosha mikono, akakuta mmoja una kitabu. Akatafuta pa kukiweka. Meza ilikuwa imejaa sinia, sahani, soda na viwiko vya watu. Sidi alitazama kitabu kile, bado kimo ndani ya nailoni yake.

"Nipe nikushikie, mheshimiwa," alisema taratibu, "unawe kwa raha."

Akampa. Akanawa, akajifuta, akatumbukiza mkono kwenye sinia, akafinyanga tonge la kwanza, na kutoka hapo jambo lilikuwa limekwisha. Mtu mwenye mafuta ya pilau mpaka kwenye viganja haulizii kitabu. Sidi aliwanawisha waliobaki kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana Kinango, akaweka birika chini, akatoka.

Mkekani alichana nailoni kwa meno. Watoto walimzunguka mpaka akakosa hewa. Akafungua sura ya mwisho akaanza kusoma, kwa ile sauti ya Bi Jumwa aliyokusudia kujizoeza kabla ya mbuzi, na kila alipogeuza ukurasa alitupa jicho kwenye turubai. Siku nzima alikuwa akimwomba Mungu watu wazima wafanye haraka. Sasa aliomba mheshimiwa asiwe na haraka hata chembe. Aongezewe nyama. Aletewe kachumbari. Apate wa kumsimulia habari za barabara. Na mheshimiwa, ambaye hakuwahi kuisikiliza wadi yake hata siku moja, siku hiyo aliisikiliza: aliongezewa, akaongezewa tena, na kisha yakaja matikiti.

Ukurasa wa kumi ulimwonyesha Bi Jumwa akienda usiku kwa dalali, peke yake. Wa kumi na moja ulimwonyesha akipokea pesa. Hakuna aliyemwibia. Bi Jumwa alimuuza mtamba yeye mwenyewe, kabla shemeji zake hawajaja kumchukua kama urithi, ili binti yake arudi shule, kisha akapiga yowe la mwizi kijiji kizima kikamlilia. Sidi aliposoma mstari wa mwisho akafunga kitabu.  Watoto wakaanza kugombana wote kwa pamoja, kama ni mwizi au si mwizi mtu anayeiba mali yake mwenyewe, na Mwinga alikuwa wa kwanza kusema si mwizi, na wa kwanza kubadili mawazo.

Walikuwa wamepamba moto mheshimiwa alipotokea, mkono umenawishwa na mtu mwingine, kijiti mdomoni. Alitazama kitabu chake mapajani mwa Sidi, nailoni imechanwa, watoto wanapigizana kelele kukizunguka.

"Kwani," aliuliza, "kinahusu nini?"

Vinywa kumi na vinne vilifunguka.

"Msimwambie," alisema Sidi. Alisimama, akapiga magoti kidogo kama inavyotakiwa, akakitoa kitabu kwa mikono miwili. "Mheshimiwa atakisoma mwenyewe. Mwisho wake hausimuliwi."

Mheshimiwa alikipokea. Akakipima unene kwa kidole gumba, akakigeuza nyuma, akatazama ndani kama kuna picha. Watoto walimtazama bila kupepesa. Mwishowe akamrudishia Sidi.

"Hebu kiweke hapa maktaba," alisema. "Kiandikeni jina langu. Nikipata nafasi nitapita kukichukua."

Bi Fauzia alikiandika jina lake siku hiyo hiyo, kwa wino, asije akabadili nia. Kipo rafuni hadi leo, kurasa zote zipo, na kimeshaazimwa mara thelathini na moja. Mheshimiwa hajapata nafasi.